Koti Juu ya Kanzu

Agosti 2023, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda la wawekezaji wa Kichina, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitangaza vita dhidi ya nguo kuukuu. Mzungu akifa, alisema, nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Katazo lenyewe hatujaliona. Pale Owino, soko kubwa la Kampala, marobota yangali yanapasuliwa kila asubuhi, na bajeti ya Juni ikikaribia wafanyabiashara wa mivumba, yaani hizo nguo kuukuu, hukaa roho juu. Redioni na magazetini jambo hili huchambuliwa kama suala la biashara tu: ushuru, ajira, viwanda. Nadhani tumelisoma vibaya. Ugomvi wa mivumba ni mkubwa kuliko mivumba, na ni wa zamani: nani mtu wa kisasa, nani mshamba, na nani mwenye haki ya kuamua. Safari hii umekuja na mahesabu mkononi.

Tena pande zote mbili zinaanza na kosa moja. Anayetaka mivumba ifukuzwe ili tuvae cha kwetu, na anayeamini kwamba bila nguo za Ulaya tutaonekana tumetoka porini, wote wanaupima usasa kwa kuuliza kitu kimetoka wapi. Ukiyafuatilia mavazi yetu wenyewe utaona swali hilo halina jibu lenye maana, kwa sababu karibu kila tunachokiita chetu kilifika na msafara, meli au fundi mgeni. La kuuliza ni nani alishika mkasi kilipofika.

Lugha ingetusaidia kama tungeisikiliza. Kiswahili kina neno ustaarabu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu; ni neno linalotaja watu, tena watu wengine. Usasa ni neno la aina nyingine. Limetoka kwenye "sasa", na sasa haina nchi. Waganda nao husema mtu wa kisasa ni ow'omulembe, na mulembe ni zama, au kizazi. Lugha hizi mbili zimeuweka usasa kwenye wakati. Sisi tunaozizungumza ndio tulioukatia tiketi ya ndege, tukaupeleka London, kisha tukaanza kubishana kama tuufuate au tuususie.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kwanjula upande wa Mukono. Kwa msomaji asiyeijua, kwanjula ni siku ambayo binti anamtambulisha mchumba kwa wazazi wake, kwa mahema, wasemaji wawili wanaotaniana kutwa nzima, na zawadi zinazobebwa vichwani kwa mstari mrefu. Nilikaa karibu na mzee mmoja wa ukoo, kanzu yake nyeupe pe, yenye darizi nyekundu ya kuiva shingoni, na juu yake koti la kijivu. Bibi harusi alipotoka mara ya tatu, safari hii amevaa vazi la kumetameta la mtindo wa Kihindi, mzee akaniinamia: "Mwanangu, hii siyo mila yetu." Baadaye jua lilipokaza alivua koti akalitundika mgongoni mwa kiti. Ndani ya kola palikuwa na lebo iliyoandikwa kwa Kijerumani. Sikusema kitu. Yeye ni mzee, na siku ile haikuwa yangu.

Lakini nimeendelea kulifikiria lile koti. Kanzu ilipanda Buganda kutoka pwani pamoja na misafara. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara wa Kiarabu anayekumbukwa kuwa wa kwanza kufika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alifika 1844, enzi za Suuna II. Kufika enzi za Mutesa I, aliyeshika Uislamu kwa miaka kadhaa, kanzu ilikuwa vazi la wakubwa. Koti likaja na Waingereza. Pwani nako wazee huvaa koti juu ya kanzu, hilo silipingi, ila Buganda imevifanya viwili hivyo kuwa sheria. Jaribu kwenda kujitambulisha ukweni bila kimojawapo uone kama utapita getini. Vazi la Mwarabu chini, la Mwingereza juu, na kati yake mtu anayejiona, kwa haki kabisa, Mganda kamili.

Gomesi, gauni la heshima la wanawake, ni ushahidi wa wazi zaidi. Simulizi iliyozoeleka inasema kwamba mwaka 1905, shule ya wasichana ya Gayaza ilipoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, fundi cherehani kutoka Goa, India, aliyeitwa Gomes aliombwa ashone vazi la pamba kwa wanafunzi waliokuwa wakijifunga nguo ya magome ya mti. Alichokishona bado kinavaliwa, kikiwa kimepitia mikono mingi: shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno. Kitambaa chake hufika mita sita. Ndani yake hufungwa kikoi ili gauni lisigande mwilini, na kikoi nacho ni mgeni wa pwani. Kabaka Daudi Chwa alipotawazwa 1914 gomesi lilikuwa limeshaingia ikulu. Leo mama wa Kiganda au wa Kisoga anayetaka kuonekana wa asili kabisa hutoka nyumbani amevaa jina la fundi wa Goa, na hakuna anayemwambia kwamba ameiga.

Na ile nguo ya magome iliyoachwa? Lubugo hutolewa kwenye mti uitwao mutuba. Fundi huchuna gome msimu wa mvua, hulifunika shina kwa majani ya mgomba ili lipone, kisha huligonga gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kibandani, mbali na jua, hadi lilainike na kutanuka na kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Mti uleule huchunwa tena mwaka unaofuata. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote. Kwa hiyo hesabu imekaa hivi: vya kigeni vimekuwa mila ya kila Jumamosi, na cha asili kimeingia kwenye orodha ya vitu vya kuhifadhiwa. Anayesema "turudi kwenye mavazi yetu" aniambie kwanza tunarudi mwaka gani. Tukirudi 1950 tutaikuta gomesi. Tukirudi 1850 tutaikuta lubugo, na pembeni yake kanzu mpya inayoonewa wivu.

Mtu aliyeliona tatizo hili mapema ni Daudi Chwa mwenyewe. Mwaka 1935 Kabaka huyo, aliyelelewa na utawala wa kikoloni tangu akiwa mtoto mdogo kitini, aliandika kijitabu akitofautisha elimu na ustaarabu kwa upande mmoja, na kugeuzwa mgeni kwa upande wa pili. Waganda, alisema, walikuwa na ustaarabu wao kabla ya Mzungu kufika, wenye adabu, sheria na haki. Aliogopa kwamba elimu mpya ilikuwa ikizaa watu wanaoona aibu kwao. Wengi humtaja kama mlalamikaji aliyeukataa usasa. Mimi namsoma tofauti. Mtu yule aliishi na gomesi ikuluni kwake. Hakuwa na ugomvi na kitambaa. Alichokikataa ni mtu kukatiwa nguo na mwingine, kisha akafundishwa kuona haya ya mwili aliokuwa nao kabla.

Turudi kwenye robota. Hoja ya kweli ya wanaotaka mivumba ipigwe marufuku ni ya viwanda, na haipaswi kudharauliwa. Pamba ya biashara imelimwa hapa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Katika miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa, Jinja ilipata kiwanda cha nguo cha Nyanza, kile ambacho wazee bado wanakiita Nytil, na kwa miaka mingi shuka na sare za shule za nchi hii zilitoka pale. Kisha ukaja 1972, Waasia wakafukuzwa, vipuri vikakosekana, umeme ukayumba, vita vikafuata. Soko lilipofunguliwa baadaye, mivumba ilikuta nyumba haina mlinzi. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka bila kugeuzwa uzi, na mkulima wa Lango au Kasese anauza kwa bei iliyopangwa mbali, kisha anavaa shati lililozunguka nusu ya dunia kabla ya kumfikia. Mwenye kusema kwamba hapo pana fedheha hajakosea.

Kosa linaanza pale anapodhani kwamba mivumba ndiyo iliyoua kiwanda, na kwamba ikiondoka kiwanda kitafufuka. Rwanda ilijaribu. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na 2018 Marekani ikajibu kwa kuinyima nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Sisi hofu hiyo imekwisha kwa njia ya kusikitisha: tumeondolewa kwenye AGOA tangu Januari 2024, kwa sababu zisizohusu nguo hata kidogo. Lakini hata bila tishio la Marekani, ziba mlango wa mivumba kesho, na nafasi itajazwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, ambazo zimeshajaa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, kabla hata fundi wa Jinja hajapata umeme wa bei anayoimudu. Tutakuwa tumebadilisha bandari ya kupakia, basi.

Dhaifu kuliko zote ni ile hoja ya wafu, na inashangaza kwamba ndiyo iliyoshika vichwa vya habari. Kwanza, nguo nyingi zilizomo robotani zimetupwa na watu wazima wa afya wanaonunua kuliko wanavyoweza kuvaa. Ni takataka za ulafi zaidi kuliko za msiba. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, tangu lini nguo inayohusiana na mfu ikawa aibu hapa kwetu? Katika okwabya olumbe, ibada ya kumaliza msiba kwa Waganda, mrithi husimamishwa mbele ya ukoo akiwa amefungwa lubugo, na marehemu naye huzikwa na lubugo. Nguo kwetu ni njia ya mtu kuingia kwenye nafasi ya mwingine. Hoja ya wafu imebeba kinyaa cha watu wengine, ikavalishwa uzalendo.

Upande wa pili nao wana hoja wanayoitamka haraka sana: soko liamue, mteja yuko huru. Yuko huru kiasi gani? Mfanyabiashara wa Owino hununua robota limefungwa kwa mikanda. Limechambuliwa ng'ambo na watu asiowajua, na akilipasua anaweza kukuta makoti ya theluji. Hasara ni yake. Kuchagua miongoni mwa vilivyokataliwa na mwingine ni uhuru, nakubali, ila ni uhuru unaoanza mtu wa kwanza akishashiba. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na watetezi wa katazo huipenda methali hiyo. Ningewajibu kwamba nguo huacha kuwa ya kuazima ukishaifumua na kuishona upya. Kazi hiyo ndiyo inayofanyika Kampala kila siku bila kuitwa usasa. Mbunifu Bobby Kolade amejenga chapa yake, Buzigahill, kwa kazi hiyo, akinunua mivumba, akiikata na kuiunganisha upya, kisha akiiuza hukohuko ilikotoka. Wazungu wanalipa. Lakini kabla yake walikuwepo, na wapo, mafundi wa cherehani za miguu pembezoni mwa soko, ambao hakuna aliyewahi kuwahoji kuhusu ubunifu.

Nasema hoja ni mkasi kwa sababu nyingine pia, ambayo wachambuzi wengi wanaume huiruka. Usasa nchini mwetu huhukumiwa kwenye miili ya wanawake. Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi kwa amri. Februari 2014 sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa saini, watu waliiita sheria ya sketi fupi, na wanawake wakavuliwa nguo mitaani na makundi ya wanaume waliojipa kazi ya polisi. Vifungu vyake vikuu vilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2021, miaka saba na zaidi baadaye. Mwaka 2017 wizara ya utumishi wa umma ikatoa waraka wa mavazi: wanawake wasivae juu ya goti, wasipake nywele rangi za kuwaka, wasifuge kucha ndefu. Wanaume wakaagizwa shati la mikono mirefu, koti na tai. Usome waraka huo pamoja na hotuba ya Mbale. Serikali ileile inayotuambia tuache nguo za Wazungu imemlazimisha karani wa Arua afunge tai kwenye joto la Arua. Ukimwuliza mtu kwa nini sketi ni Uzungu na tai ni heshima, atakwambia mila. Mwacha mila ni mtumwa, ataongeza. Ndiyo, lakini katika mila hii tai imeingia lini?

Kuna vazi jingine silisahau. Katika shule moja niliyosoma, aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni, na alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea ili amvishe yeye. Kibao kilikuwa kizito kidogo na kamba yake ilinuka jasho la wengine. Kiswahili nacho kilihesabiwa kosa, tena kosa la ziada, maana kiliitwa lugha ya askari na wezi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, na askari waliokitumia kupora walikiharibia jina kuliko adui yeyote. Kikaingia kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Wanaokipinga bado husema ni kigeni. Na Kiingereza je? Kiingereza, wanasema, ni cha kisasa. Ni mzani uleule wa sketi na tai, umehamia mdomoni.

Mfano bora wa usasa ninaoujua hapa nchini hauna kitambaa wala simu ndani yake. Shirika la Mifumi, lililoanzia Tororo, lilikwenda mahakamani 2007 kuhoji desturi ya mahari. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua: mahari yenyewe haivunji Katiba, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunamdhalilisha mwanamke, na ni marufuku. Waliotaka mahari ifutwe hawakuridhika, na waliotaka isiguswe hawakuridhika pia. Lakini tazama kilichofanyika. Desturi ilikalishwa kitako, ikaulizwa maswali na watu wake wenyewe, wakiwemo wanawake walioumizwa nayo, na kipande kimoja kikakatwa huku nguo ikibaki. Majaji hawakusema mahari ni ya kishenzi kwa sababu haipo Ulaya. Hawakusema haiguswi kwa sababu babu zetu walitoa.

Tukiupima usasa hivyo, sera ya nguo inabadilika sura. Kufunga mpaka kunakuwa jambo dogo kuliko bei ya umeme kwa msokota nyuzi, kuliko mikopo ya cherehani, kuliko kuamua kwamba sare za jeshi, polisi na shule zitashonwa kwa kitambaa kilichofumwa hapa, jambo ambalo serikali inaweza kulitimiza bila kumnyang'anya mtu wa Owino kibanda chake. Ushuru wa mivumba unaweza kupanda polepole kadiri viwanda vinavyoinuka, na wachuuzi wakiwa mezani wakati wa kupanga. Mpaka sasa wamekuwa wakisikia habari zao redioni. Na waraka wa tai ungeweza kufutwa kesho asubuhi, bure.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka suruali ya mivumba kupunguzwa kiuno kwa mama mmoja wa Kinubi kutoka Bombo, mwenye cherehani yake chini ya mwavuli nyuma ya soko. Alichora kwa kipande cha sabuni, akafumua mshono wa nyuma kwa wembe, akatoa kitambaa upana wa vidole viwili, akageuza mfuko uliokuwa umetoboka. Dakika kumi na tano. Nikamuuliza, mama, siku wakipiga marufuku kweli utafanya nini? Hakuinua kichwa. "Nitashona mpya, mwanangu, kushona ni kushona," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga. "Ila uwaulize hao wakubwa zenu, kitambaa ataniletea nani?"